Mizani Mpya, Majani Yale Yale

Aghalabu neno "jaribio" linapotajwa katika muktadha wa tarakilishi, msikilizaji hupata taswira ya mwanafunzi aliyeketi mbele ya kioo akijibu maswali. Sivyo. Katika uandishi wa programu, anayejaribiwa si mtu bali ni programu yenyewe, na anayeijaribu ni programu nyingine. Mwandishi stadi huandika programu mbili sambamba. Ya kwanza hufanya kazi iliyokusudiwa, kama vile kumwandikisha mgonjwa au kujumlisha kilo za majani chai. Ya pili haina kazi ila kuiuliza ile ya kwanza maswali na kuyapima majibu yake. Ukipewa namba yenye kasoro, je, utaikataa? Ukipewa jina tupu, je, utalalamika? Majibu yakiwa sawa, mstari wa kijani hutokea kiooni. Yakienda kombo, hutokea mwekundu. Maswali hayo hayaulizwi siku moja yakaisha. Huulizwa kila mara programu inapoguswa, hata kama ni kwa kubadilisha herufi moja, ili aliyeigusa asije akavunja pasipo kujua kile alichokijenga mwenzake miaka mitano iliyopita.

Maswali nayo huhitaji kitu cha kuyashikilia: cha kuyapanga, kuyaendesha moja baada ya jingine, kuyahesabu na kutoa ripoti. Kitu hicho hapa kitaitwa kiunzi, kwa kuwa neno hilo, ambalo fundi hulitumia kwa mifupa ya jengo au ya chombo kabla ya mbao kugongomelewa, ndilo lililo karibu zaidi na dhana. Kwa waandishi wanaotumia lugha ya Java, kiunzi mashuhuri kuliko vyote ni JUnit. Kilianzishwa mwaka 1997 na Kent Beck na Erich Gamma, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Toleo la 4 lilitoka mwaka 2006, la 5 likafuata Septemba 2017, na la 6 Septemba 2025.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiyatazama matoleo hayo hawezi kukosa kutabasamu, kwa maana historia yake ni historia ya mofolojia. Katika toleo la 3, kiunzi kilitambua jaribio kwa kiambishi: kila jina la amali lililoanza na silabi fulani lilihesabiwa kuwa swali, na lisiloanza nayo likapuuzwa, kama vile msikilizaji anavyojua kwamba "kitabu" na "kikombe" ni ndugu kwa kusikia mwanzo wake tu. Katika toleo la 4 kiambishi kikaondolewa, mahali pake ikawekwa alama inayosimama peke yake juu ya amali. Toleo la 5 likabakiza alama, lakini likabadilisha majina ya nyingi miongoni mwazo na, jambo lililo zito zaidi, likageuza mpangilio wa viambajengo ndani ya sentensi. Nani asiyejua kwamba lugha ikibadilisha mpangilio wa maneno huku maneno yenyewe yakibaki yale yale, ndipo mitego inapotegwa?

Kuhama kutoka kiunzi kimoja hadi kingine, basi, ni kuyachukua maswali yote ya zamani, pengine mamia, pengine maelfu, na kuyaandika upya ili kiunzi kipya kiyaelewe, ilhali programu inayoulizwa haibadiliki hata kidogo. Wakubwa wa ofisi hawaipendi kazi hii. Haileti kitufe kipya wala rangi mpya, mteja hataiona. Huhesabiwa kuwa kazi ya kufagia, na aghalabu hupewa yule aliyeajiriwa juzi. Hilo ni kosa, na sababu yake itaonekana.

Bonde la Ufa lina uhusiano wa pekee na habari hizi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, ulianza kutumika mfumo wa tarakilishi wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa, jambo lililokuwa geni katika vituo vya mashambani siku hizo. Ukimwi ulipozidi na idadi ya wagonjwa kupanda, mradi wa AMPATH, uliounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulihitaji mfumo mkubwa zaidi. Ndipo mwaka 2004 ilipozaliwa programu huria ya OpenMRS, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Tangu hapo imeenea katika nchi nyingi. Mfumo wa KenyaEMR, uliojengwa juu yake kuanzia mwaka 2012, unatumika katika mamia ya vituo vya afya nchini Kenya. OpenMRS nayo imeandikwa kwa Java, na maswali yake yamekuwa yakiulizwa ndani ya JUnit. Kuanzia toleo lake la 2.4 waandishi wake walihamia JUnit 5. Walihama kwa busara: kiunzi cha zamani hakikung'olewa, bali misingi mipya ilijengwa kando ya ile ya awali ili wale waliokuwa na programu ndogondogo zinazotegemea OpenMRS waendelee na maswali yao ya zamani mpaka watakapokuwa tayari.

Miongoni mwa hao waliopaswa kuwa tayari alikuwa kijana mmoja wa Roret.

Roret ni mji mdogo wa Bureti, katika Kaunti ya Kericho. Mgeni huukumbuka kwa mananasi yanayopangwa kando ya barabara, lakini pande zote kijani kinachotawala ni kile cha chai, mashamba madogomadogo ambayo majani yake hupelekwa katika viwanda kama vile Litein na Kapkatet. Kijana huyu alikuwa amesomea tarakilishi chuoni, akafanya kazi mjini, kisha akarudi nyumbani na kuendelea na kazi ile ile kupitia mtandao, akiketi chumba cha mbele cha nyumba ya mamake. Umeme ulipokatika, naye alikatika. Mwaka 2022 alikabidhiwa programu ndogo ya kuandikisha wagonjwa iliyotegemea OpenMRS, pamoja na maagizo mafupi: ukamilishe kuihamisha kwenda JUnit 5. Mtangulizi wake alikuwa amekwisha kufanya sehemu kubwa kabla ya kuondoka kazini. Mstari ulikuwa wa kijani. Zaidi ya hayo, idadi ya majaribio ilitimia, na mtu mwenye uzoefu hulitazama hilo kwanza, kwani hatari inayojulikana na wengi ya kuhama ni kwamba swali lililosahaulika likiwa na alama ya kiunzi cha zamani huachwa bila kuulizwa, na ukimya wake hudhaniwa kuwa ni ushindi.

Inafaa kueleza hapa kwa nini programu hiyo ilijali namba kuliko majina. Kwa Wakipsigis, kama ilivyo kwa Wakalenjin wengine, mtoto hupewa jina kutokana na wakati au hali ya kuzaliwa kwake. Aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech akiwa mvulana, Chepkoech akiwa msichana. Wa jioni ni Kiplangat au Chelangat. Aliyefika ng'ombe wakirejea ni Kiprotich au Cherotich. Wa usiku ni Kipkemoi au Chepkemoi. Ni utaratibu mzuri, unaomfanya kila mtu abebe saa yake ya kuzaliwa maisha yake yote. Hata hivyo, saa za siku si nyingi, watoto ni wengi. Muuguzi akisimama mlangoni na kuita "Chepkoech!" katika zahanati ya Bureti, wanawake watatu huweza kuinuka pamoja. Kwa hiyo kila mgonjwa hupewa namba, na mwisho wa namba huwekwa tarakimu moja ya ukaguzi.

Tarakimu hiyo hupatikana kwa kanuni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyeombea hataza mwaka 1954. Chukua namba 1258. Ukianza kulia, zidisha mara mbili kila tarakimu ya pili, yaani 8 na 2: 8 huwa 16, na 1 na 6 zikijumlishwa huwa 7, 2 huwa 4. Jumlisha 7, 5, 4 na 1, upate 17. Kinachopungua ili kufikia 20 ni 3. Namba kamili ni 1258-3. Karani mchovu akikosea na kuandika 1528-3, hesabu hukataa mara moja, kwa maana 1528 ilistahili 9. Kanuni hii hunasa kila kosa la tarakimu moja, na takriban kila kosa la kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili zilizo jirani. Linaloiponyoka ni 09 na 90 tu. Kwa mtu aliyewahi kuona foleni ya zahanati siku ya kliniki, hiyo si hesabu ya darasani.

Kijana alikuwa na mashaka asiyoweza kuyataja. Kijani kilikuwa kijani mno. Katika juma zima la kuzunguka ndani ya programu ile, akihamisha sehemu zilizosalia, hakuna jaribio hata moja lililokuwa limemgombeza. Siku moja jioni mamake aliporudi kutoka kituo cha kununulia majani, akiwa na stakabadhi iliyochapwa na mizani ya kielektroniki, alimwuliza swali lililoonekana kuwa la kupitisha wakati.

"Mama, zile mizani za kuning'inia zilipoondolewa zikaletwa hizi, mlijuaje kwamba hizi ni za kweli?"

"Tungejuaje? Tulizipima."

"Mlipima mizani?"

"Wengine walikubali tu. Mimi nilinunua pakiti mbili za unga dukani, kilo mbili kila moja, nikazitia ndani ya kikapu. Karani alicheka, lakini akasoma."

"Ikasema nne?"

"Nne na uzito wa kikapu. Sikuondoka. Nikatoa pakiti moja, nikamwambia, soma tena. Hapo ndipo alipoacha kucheka." Akaikunja stakabadhi na kuitia ndani ya leso. "Kupanda inaweza kupanda tu, mwanangu. Nilitaka kuiona ikishuka."

Usiku ule kijana alitoa pakiti. Yaani aliingia ndani ya programu, akaufuta kwa makusudi mstari unaompa mgonjwa mpya namba yake, akaamuru majaribio yote yaendeshwe. Palikuwa na swali mahususi la kuhakikisha kwamba kila mgonjwa mpya ana namba. Swali hilo lilipaswa kupiga yowe. Halikusema kitu. Mstari ulibaki wa kijani.

Chanzo chake ni kile kibadiliko cha mpangilio wa viambajengo kilichotajwa awali. Katika JUnit 4, anayetaka kuhakikisha kwamba kitu kipo huandika kwanza ujumbe wa kuonyeshwa ikiwa hakipo, kisha kitu chenyewe. Katika JUnit 5, kitu hutangulia na ujumbe hufuata. Mtangulizi alikuwa ametumia amri ya "tafuta na ubadilishe", akageuza majina ya alama zote kwa dakika chache, na sentensi zenyewe hakuzigusa. Mara nyingi uzembe huo hujifichua. Kitu kinachokaguliwa kikiwa ni tarehe au mgonjwa, Java huona kwamba aina za vitu hazipatani na hukataa kuendelea. Namba ya mgonjwa, hata hivyo, ijapokuwa huitwa namba, huhifadhiwa kama matini, kwa sababu ina kistari katikati yake. Ujumbe nao ni matini. Matini kwa matini, Java haikuona cha kulalamikia. Tangu hapo swali likawa halihusu tena kama namba ipo, bali kama ujumbe upo, na ujumbe ulikuwapo daima, umeandikwa katika mstari ule ule. Ni sawa na mtahini anayepita kati ya madawati akihakikisha kwamba karatasi ya maswali ipo mezani, kisha akampa kila mtahiniwa alama zote.

Wanafunzi wa fasihi wana mfano wao wa jambo hili, nao ni wa zamani zaidi. Tenzi na mashairi ya pwani yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu yalipoanza kuhamishiwa hati za Kirumi, mnakili alikutana na maandishi ambayo, kwa desturi ya wakati ule, hayakutofautisha "i" na "e", wala "u" na "o", na ambamo herufi moja ingeweza kusomwa "b" au "p". Asiyejua lugha angeweza kuchagua irabu yoyote na kuchapisha ukurasa safi usio na doa, ambao msomaji wake asingejua kwamba palikuwa na shaka. Mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyochapishwa na William Hichens mwaka 1940, yaliponea kwa sababu kabla ya hapo Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuwa ameyakusanya na kumfafanulia W. E. Taylor maneno yake. Kilichohitajika ni mtu anayejua swali la awali lilikuwa linauliza nini. Amri ya "tafuta na ubadilishe" haijui.

Lipo kundi la waandishi wa programu linaloshikilia kwamba dawa ya haya ni kuacha maswali ya zamani ndani ya kiunzi cha zamani milele, kwa kuwa JUnit 5 huja na sehemu iitwayo Vintage inayoweza kuyaendesha bila kuyabadilisha. Hoja hiyo ina nguvu kwa muda. Lakini katika JUnit 6 sehemu hiyo imekwisha kutangazwa kuwa ya kuachwa, na mradi usiohama leo huhama kesho kwa haraka, wakati ambapo aliyeyaandika maswali hayupo tena wa kuulizwa. Kundi la pili hutaka kila kitu kihamishwe usiku mmoja. Hilo ndilo lililomponza mtangulizi. Njia iliyobaki ni ya yule mama na unga wake: vyote viwili vifanye kazi kando kwa kando, darasa moja la maswali lihamishwe, programu ivunjwe kwa makusudi mahali ambapo darasa hilo linalinda, wekundu uonekane, ndipo irekebishwe na kuendelea na la pili. Ni njia ya polepole na ya kuchosha, na hakuna awezaye kuipendezesha katika ripoti ya mwezi.

Kijana alipata maswali saba yaliyogeuzwa namna hiyo. Aliyanyoosha moja moja. Sita yalibaki ya kijani yalipoulizwa sawasawa, na yakawa mekundu kila alipoivunja programu, kama inavyotakiwa. La saba likawa jekundu bila kuvunjwa.

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Lilihusu watoto wachanga walioandikishwa kupitia kumbukumbu za mama zao. Miezi miwili baada ya mtangulizi kuhama kiunzi, palikuwa pameingizwa badiliko dogo la kuharakisha uandikishaji huo, na badiliko hilo likamwacha mtoto bila namba yoyote. Mlinzi aliyewekwa mlangoni kuzuia jambo hilo hilo alikuwa amekwisha kuwa bubu. Nalo toleo lile lilikuwa likifanyiwa majaribio katika zahanati moja ya jirani. Watoto wasio na namba waliorodheshwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa pekee. Wakiwa wawili wa jina moja na siku moja, mistari yao kiooni ilifanana kabisa, na chanjo ya mmoja iliweza kuandikwa penye mwenzake.

Asubuhi alipanda pikipiki hadi kwenye zahanati. Muuguzi, mwanamke wa makamo, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafungua kabati na kutoa daftari kubwa lenye jalada jeusi.

"Hiki hamkuniambia niache kuandika," alisema.

"Hatukukuambia, Sista."

"Basi keti."

Walikaa siku mbili, yeye akisoma na kijana akiingiza, kila mtoto akipewa namba yake na tarakimu yake ya ukaguzi. Daftari lilikuwa na kitu ambacho programu haikuwa imekiuliza: jina la mama na kijiji chake. Palikuwa na Kipkoech wawili waliozaliwa alfajiri moja, mmoja wa Tebesonik, mwenzake wa upande wa Litein. Katika tarakilishi mmoja alikuwa na chanjo ya wiki ya 6 mara mbili, na wa pili hakuwa nayo kabisa. Muuguzi alipitisha kidole juu ya ukurasa, akarudia mara ya pili ili awe na hakika.

"Wote wawili walichanjwa," alisema. "Huyu Jumanne, huyu Alhamisi. Andika."

Kijana akaandika.